Waliosoma Ilani Sentensi kwa Sentensi

Tarehe 9 Juni 1983 chama cha Labour cha Uingereza kiliingia kwenye uchaguzi mkuu na ilani ambayo mmoja wa wabunge wake, Gerald Kaufman, aliipa jina la barua ndefu kuliko zote za kujiua. Humo kilikuwa kimeahidi kuitoa nchi katika Jumuiya ya Ulaya, kuachana na silaha za nyuklia hata kama wengine wangeendelea nazo, na kuyarudisha mikononi mwa serikali mashirika yaliyokuwa yameuzwa. Kilipata asilimia 27.6 ya kura. Tarehe 1 Mei 1997 chama hichohicho, safari hii chini ya Tony Blair, kiliondoka na viti 418. Kwamba Labour ilikuwa imehama, hakuna aliyebisha. Ubishi ulikuwa juu ya umbali. Je, ilifika katikati ikasimama, au ilipitiliza? Na wapinzani wao wa Conservative, walikuwa wamebaki palepale kipindi chote hicho?

Wanasiasa waliyajibu maswali hayo jukwaani, wahariri wakayajibu kwa vichwa vya habari. Lakini walikuwepo watu waliokwisha kuanza kuyajibu kwa kalamu na hesabu, kwa kuzisoma ilani za vyama mstari baada ya mstari, kuanzia zile za mwaka 1945. Kazi yao haina shangwe wala makofi. Hata hivyo, pasipo kazi hiyo, mpiga kura hana njia ya kujua kama chama anachokipigia kura leo ni kilekile alichokiamini baba yake, au ni jina tu lililobaki.

Mstari wenyewe wa kupimia ni wa zamani kuliko wapimaji. Mwishoni mwa kiangazi cha mwaka 1789, wajumbe wa Bunge la Taifa la Ufaransa waliokutana Versailles walikuwa wakijadili kama mfalme apewe uwezo wa kuzuia sheria. Waliotaka mfalme awe na kauli ya mwisho walijikusanya upande wa kulia wa mwenyekiti. Waliompinga wakakaa kushoto. Septemba 11 kura zilipohesabiwa, wajumbe 673 walikubali mfalme aweze kuichelewesha sheria tu, na 325 walitaka aweze kuizuia moja kwa moja. Watu wakaanza kuzungumza siasa kwa kutaja viti. Baadaye mabunge ya Ulaya yakawa na mrengo wa kulia na wa kushoto, ingawa hakuna aliyeweza kusema chama fulani kiko hatua ngapi kutoka kingine.

Mwaka 1929 mchumi Mmarekani, Harold Hotelling, alichapisha makala kuhusu wauzaji wawili wanaoshindana kwenye barabara moja. Kila mmoja, akitaka kumnyang'anya mwenzake wateja, husogea katikati, mpaka maduka yao yanakaribia kugusana. Hotelling akaongeza kwamba ndivyo vilivyo vyama vya Republican na Democratic. Anthony Downs alilichukua wazo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1957 kuhusu nadharia ya kiuchumi ya demokrasia, akawapanga wapiga kura na vyama kwenye mstari mmoja, kushoto kwenda kulia, kuanzia 0 hadi 100. Nadharia hiyo ilieleza vizuri kwa nini vyama viwili vikubwa huishia kufanana. Kilichokosekana ni namba za kweli za kuweka kwenye huo mstari.

Kwa Wamarekani njia fupi ilikuwa kuangalia kura za wabunge. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1980, Keith Poole na Howard Rosenthal walitengeneza programu ya kompyuta iliyopokea kura zilizopigwa kwa majina katika Congress na kumpa kila mbunge mahali pake kwenye ramani, kwa kuangalia tu nani hupiga kura pamoja na nani. Hatimaye ramani hiyo ilirudi nyuma hadi Congress ya kwanza ya mwaka 1789. Njia hii inafaa pale ambapo mbunge anaweza kukiasi chama chake. London na Dublin haisaidii sana, kwa sababu huko chama kikishaamua, wabunge hufuata. Ukizihesabu kura zao utajua nani yuko serikalini na nani yuko upinzani, basi. Msimamo wa chama ilibidi utafutwe mahali pengine.

Mahali hapo palikuwa kwenye ilani. David Robertson, katika kitabu chake cha mwaka 1976 juu ya ushindani wa vyama, alitoa hoja iliyokuja kuongoza utafiti wote uliofuata. Tumezoea kudhani kwamba vyama hubishana: huyu anasema ndiyo, yule anasema hapana. Robertson aliona kwamba mara nyingi havibishani hata kidogo. Hakuna chama kinachoandika kwamba kinataka wagonjwa wakose dawa au wezi watambe mitaani. Kila chama hurefusha yale ambayo wananchi wanakiamini nayo, na kuyapita harakaharaka yale ambayo mpinzani wake ndiye anayeaminiwa. Huyu atajaza kurasa kwa hospitali na pensheni. Yule atazijaza kwa polisi na unafuu wa kodi. Basi ukitaka kujua chama kimesimama wapi, pima kinautumia wino wake kwa mambo gani.

Mwaka 1979 Ian Budge wa Chuo Kikuu cha Essex, akiwa pamoja na Robertson, aliwakusanya wenzake wa nchi mbalimbali chini ya jumuiya ya Ulaya ya watafiti wa siasa, wakaunda kundi la utafiti wa ilani. Tunda lake la kwanza kubwa lilitoka mwaka 1987: kitabu kilichohaririwa na Budge, Robertson na Derek Hearl, chenye demokrasia 19. Mwaka 1989 kazi ikahamia Berlin, kwenye kituo cha utafiti wa sayansi ya jamii kiitwacho WZB, chini ya Hans-Dieter Klingemann. Andrea Volkens akabeba mzigo wa kuwafundisha na kuwasimamia wasomaji wa nchi moja hadi nyingine. Leo hifadhi hiyo ina vyama zaidi ya 1,000 kutoka nchi zaidi ya 50.

Inafaa kusogea karibu na kuangalia jinsi msomaji mmoja anavyoifanya kazi hiyo. Kwanza lazima aijue lugha na siasa ya nchi anayoisoma. Anapewa mwongozo na andiko la majaribio, na majibu yake yanalinganishwa na ya waliomfundisha. Akifaulu, anaifungua ilani na kuanza kuikata. Kipimo chake si sentensi ya sarufi, ni hoja. Sentensi moja ikibeba madai mawili, inakatwa vipande viwili. Tuchukue sentensi ya kutungwa, ya aina inayojaa katika ilani za kila nchi: "Tutawajengea wananchi hospitali katika kila wilaya, na tutawapunguzia kodi wenye viwanda ili waongeze ajira." Msomaji anapiga mstari baada ya neno wilaya. Nusu ya kwanza inakwenda kundi namba 504, la kupanua huduma za jamii. Nusu ya pili inakwenda 402, la motisha kwa wenye mitaji. Kwa pumzi moja chama kimejipatia alama ya kushoto na alama ya kulia.

Makundi yenyewe ni 56, yamegawanywa katika nyanja saba, kuanzia mambo ya nje hadi makundi ya kijamii. Kutaka jeshi liimarishwe ni 104. Kutaka matumizi ya jeshi yapunguzwe ni 105. Kutaifisha ni 413. Sheria na utulivu ni 605. Hoja isiyoingia popote inaandikiwa sifuri tatu. Mwisho wa yote msomaji anatoa asilimia: kati ya hoja zote za ilani, ngapi ziliangukia kila kundi.

Kutokana na asilimia hizo ikazaliwa fahirisi iliyojulikana kuliko zote, ile ya kushoto na kulia, inayotokana na kazi ya Michael Laver na Budge katika kitabu chao cha mwaka 1992 kuhusu serikali za mseto. Makundi 13 yalihesabiwa kuwa ya kulia, 13 ya kushoto. Chukua jumla ya asilimia za kulia, toa jumla ya asilimia za kushoto, na unachopata ndiyo nafasi ya chama kati ya −100 na +100. Ilani yenye hoja 1,000, ambamo 300 ni za kulia na 200 za kushoto, inapata +10.

Kwa kipimo hicho swali la Labour likapata jibu. Ilani ya 1983 iliangukia ndani kabisa ya upande wa kushoto. Ile ya 1997 ilivuka sifuri na kuingia upande wa kulia, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa chama hicho tangu 1945, na kuwaacha Liberal Democrats kushoto kwake. Conservative walibaki kulia zaidi. Kwa hiyo Labour ilipitiliza katikati, ila haikumfikia mpinzani wake. Mtu anaweza kulipenda jibu hilo au kulichukia, lakini anaweza pia kulikagua: ilani ipo, makundi yapo, na kila hoja ina namba yake. Huo ni uungwana mkubwa katika taaluma ya siasa, ambako mambo mengi husemwa kwa kujiamini na hayana pa kukaguliwa.

Ukaguzi ulikuja, na ulikuwa mkali. Miongoni mwa waliouongoza alikuwa Laver mwenyewe, aliyeshiriki kuijenga fahirisi, akiwa na Kenneth Benoit na watafiti wengine.

Shida ya kwanza iko kwenye hesabu. Turudie ilani ile yenye +10. Chama kikiongeza hoja 500 kuhusu teknolojia na barabara, bila kufuta hata neno moja la zamani, hoja 300 za kulia sasa ni asilimia 20 ya hoja 1,500, na zile 200 za kushoto ni asilimia 13.3. Alama inashuka hadi +6.7. Chama kimesogezwa katikati na hesabu, wakati ahadi zake zote za zamani ziko palepale. Mwaka 2011 Will Lowe, Benoit, Slava Mikhaylov na Laver walipendekeza hesabu nyingine, inayolinganisha kauli za kulia na za kushoto zenyewe kwa zenyewe bila kujali ilani ina urefu gani. Shida ya pili iko kwenye uchaguzi wa makundi. Kupinga ubeberu, amani, kupunguza jeshi: haya yamo upande wa kushoto wa fahirisi, na yanaonyesha wazi kwamba ilitengenezwa na watu wa enzi ya Vita Baridi. Kulinda mazingira, kundi namba 501, halimo upande wowote. Chama cha Kijani kinaweza kuandika nusu ya ilani yake kuhusu misitu na hewa, na fahirisi isione kitu.

Kisha wakaja walioingia makavazini. Martin Ejnar Hansen alizichunguza data za Denmark na mwaka 2008 akachapisha ukosoaji wa nyaraka zilizotumika: si zote zilikuwa ilani. Chama kisipotoa ilani, au ilani isipopatikana, msomaji alilazimika kutumia andiko jingine lililokuwa karibu. Miaka miwili baadaye Elias Dinas na Kostas Gemenis wakaonyesha kwamba Ugiriki nayo ilikuwa na tatizo hilo, na kwamba baadhi ya nafasi vilizopewa vyama hazikufanana na siasa ambayo kila Mgiriki anaijua. Hotuba ya kiongozi haifanani na ilani iliyojadiliwa na kamati. Ya kwanza inataka makofi, ya pili inataka kuridhisha kila kundi ndani ya chama. Ukizihesabu kana kwamba ni kitu kimoja, unaweza kusema chama kimehama, kumbe ni aina ya andiko iliyobadilika.

Pigo lililouma zaidi lilihusu wasomaji wenyewe. Mikhaylov, Laver na Benoit waliwapa wasomaji waliofunzwa vipande viwili vya ilani, kimoja cha Uingereza na kimoja cha New Zealand, waviwekee namba kila mmoja peke yake. Makubaliano yao, kwa vipimo vya kawaida vya takwimu, yalikuwa chini sana. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2012, na maana yake ni nzito, kwa sababu kwa miongo mingi sehemu kubwa ya ilani zilikuwa zimesomwa na mtu mmoja tu kila moja, bila msomaji wa pili wa kumsahihisha. Watafiti haohao walikuwa wameshapendekeza mwaka 2009 kwamba kila alama iambatane na kadirio la makosa yake. Walipolihesabu, mabadiliko mengi ambayo vitabu vilikuwa vimeyaeleza kama safari za vyama yalikuwa madogo kuliko makosa yenyewe. Mradi wa Berlin haukufungwa kwa sababu hiyo. Uliboresha mafunzo, na ukaanza kutoa hadharani maandishi yenyewe pamoja na namba zilizowekwa, ili anayetaka asome na apinge.

Wakati haya yakiendelea, wengine walikuwa wamechagua njia tofauti kabisa. Kwa nini mtu akate sentensi, wakati wapo waliozisoma siasa za nchi zao maisha yao yote? Francis Castles na Peter Mair waliwatumia wataalamu wa siasa wa nchi 17 dodoso, wakawaomba wakiweke kila chama kwenye mizani ya 0 hadi 10. Makala yao ilitoka mwaka 1984. Laver na Ben Hunt wakafuata mwaka 1992 na dodoso lililouliza suala kwa suala, na kuuliza pia chama kinalijali kila suala kiasi gani. Kitabu cha Benoit na Laver cha mwaka 2006 kilifika nchi 47. Na tangu 1999, kundi la Gary Marks na Liesbet Hooghe wa Chapel Hill, North Carolina, limekuwa likiwauliza wataalamu wa Ulaya kila baada ya miaka michache.

Faida kubwa ya dodoso la Chapel Hill ilikuwa kuonyesha kwamba mstari mmoja hautoshi. Walichora wa pili: ncha moja mazingira, uhuru wa mtu binafsi na mitindo mipya ya maisha, ncha nyingine mila, mamlaka na taifa. Chama cha PiS cha Poland kinaeleza kwa nini. Kwenye ruzuku kwa familia na nafasi ya serikali katika uchumi kimeelekea kushoto. Kwenye dini, familia na utaifa kiko mbali kulia. Ukikipa namba moja kitatua karibu na katikati, mahali ambapo hakuna hata mfuasi wake mmoja anayejiona yupo.

Budge hakukubali kirahisi. Mwaka 2000 aliandika kwamba mtaalamu anapoulizwa chama kiko wapi, haelezwi ni chama kipi hasa: viongozi, wanachama, au wapiga kura? Haelezwi pia ni lini, mwaka huu au miaka yote anayoikumbuka. Kuna pia hatari ya mduara. Mtaalamu anajua kwamba chama fulani kiliingia serikalini na vyama vya kulia, hivyo anakiweka kulia. Kisha mtafiti mwingine anaichukua namba hiyo kueleza kwa nini chama kiliingia serikalini na vyama vya kulia. Zaidi ya hayo, huwezi leo kumpelekea dodoso mtaalamu wa mwaka 1950. Ilani ya mwaka 1950 bado ipo, na inasomeka.

Ndipo kompyuta ilipoingia, na safari hii haikuja kusaidia kujumlisha tu. Mwaka 2003 Laver, Benoit na John Garry walichapisha njia ya kupima ilani bila kuielewa. Unachukua ilani chache ambazo nafasi zake unazijua tayari, tuseme kutoka kwenye dodoso la wataalamu. Kompyuta inahesabu kila neno limetumika mara ngapi katika kila ilani, na kulipa kila neno alama kulingana na wanaolitumia. Halafu unaipa ilani mpya, nayo inatoa wastani wa maneno yake. Walijaribu Uingereza na Ireland, wakapata majibu yaliyokaribiana na yale ya wataalamu, kisha wakaipeleka njia hiyo Ujerumani, kwenye lugha nyingine kabisa. Miaka mitano baadaye Jonathan Slapin na Sven-Oliver Proksch walipima vyama vya Ujerumani vya miaka 1990 hadi 2005 bila hata ilani za kuanzia: kompyuta ilivipanga yenyewe kwa jinsi maneno yalivyogawanyika kati yake.

Kasi hiyo ilistahili kusifiwa, lakini ina gharama yake. Kompyuta inayohesabu maneno haioni tofauti kati ya anayetaka kupunguza kodi na anayeonya dhidi ya kupunguza kodi; yote mawili yana neno kodi. Neno ambalo chama kimoja kilikuwa nalo peke yake mwaka 1992 linaweza kuwa la wote mwaka 1997, na mizani ikayumba. Labda ndiyo maana Benoit na wenzake, katika makala ya mwaka 2016, walirudi kwa binadamu, ila kwa namna mpya: sentensi za ilani 18 za Uingereza ziligawiwa watu wa kawaida kupitia intaneti, kila sentensi ikasomwa na wengi, kila mmoja bila kujua mwenzake amesema nini. Wasomaji hawa hawakuwa na shahada ya siasa. Walipojumlishwa, majibu yao yalikaribiana sana na ya wataalamu, tena yangeweza kupatikana upya na mtu yeyote aliyetaka kurudia kazi hiyo.

Wapiga kura nao walikuwa wameanza kukipokea kipimo mikononi mwao. Uholanzi mwaka 1989 kilitolewa kijitabu chenye hoja 60 na disketi, kiitwacho StemWijzer, kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari: jibu hoja, ujue chama kinachokukaribia. Ujerumani iliifuata mwaka 2002 na Wahl-O-Mat, ambako vyama vyenyewe hutakiwa kujibu kila hoja kwa ndiyo, hapana au katikati, na kueleza sababu. Kwenye uchaguzi wa 2021 ilitumiwa zaidi ya mara milioni 21. Hapo chama kinalazimika kufanya kile ambacho Robertson aliona kinakikwepa kwenye ilani: kujibu swali ambalo hakikulichagua.

Afrika iliingia katika hesabu hizi kwa kuchelewa. Afrika Kusini ina ilani zake katika hifadhi ya Berlin tangu uchaguzi wa 1994. Kwa nchi nyingine nyingi, watafiti waliridhika na usemi kwamba vyama vya Afrika havina itikadi, kwamba ni makabila yaliyosajiliwa. Sebastian Elischer hakuridhika. Katika makala ya mwaka 2012 alichukua mwongozo wa makundi yale yale na kuutumia kwenye ilani za Ghana, Kenya na Namibia, aone kama kipimo kilichotengenezwa kwa nchi za viwanda kinaweza kusoma nchi zisizo navyo.

Ugumu unaonekana mara moja. Karibu kila chama cha Afrika Mashariki kinaahidi maji, barabara, zahanati na ajira, na hoja za namna hiyo hazivitenganishi. Mwaka 2002 muungano wa NARC uliahidi elimu ya msingi bure nchini Kenya. Januari 2003 elimu hiyo ikaanza, na watoto zaidi ya milioni moja wakaongezeka madarasani. Tanzania, mwaka 2010, Chadema ya Dk. Willibrod Slaa ilinadi elimu bure. Mwaka 2015 CCM ikaahidi elimu bila ada, na Januari 2016 serikali ya John Magufuli ikaianza hadi kidato cha nne. Kupanua elimu ni kundi 506, la kushoto. Kwa fahirisi, vyama vyote hivyo vinasogea upande mmoja, na Chadema inapata alama za kushoto pamoja na kwamba iliasisiwa mwaka 1992 na Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu, aliyejiuzulu uwaziri wa fedha mwaka 1979 baada ya kutofautiana na Mwalimu Nyerere juu ya masharti ya IMF.

Na andiko lipi lipimwe? Katiba ya CCM inaendelea kutaja ujamaa na kujitegemea, maneno ya Azimio la Arusha la Februari 1967. Lakini Maamuzi ya Zanzibar ya mwaka 1991, ya chama hichohicho, yaliwaruhusu viongozi kuwa na hisa, kupangisha nyumba na kupokea mshahara zaidi ya mmoja. Msomaji atakayepewa katiba ataleta namba moja, na atakayepewa maamuzi ya Zanzibar ataleta nyingine, na wote wawili watakuwa wamesoma vizuri.

Usemi kwamba Waafrika hawana kushoto wala kulia unasahau pia historia. Nchini Kenya mwaka 1966 Jaramogi Oginga Odinga alijitoa chama tawala cha KANU akaunda KPU, chama kilichodai ardhi wapewe wasio nayo na njia kuu za uchumi zitaifishwe. KANU ilikuwa na Waraka wa Bunge Namba 10 wa mwaka 1965, uliolinda mali binafsi na mitaji ya nje. Msomaji yeyote wa Berlin angeziona ncha mbili za mstari hapo bila kusita. Mwaka 1969 KPU ilipigwa marufuku na viongozi wake wakawekwa kizuizini. Kenya ilikuwa na mrengo wa kushoto. Uliondolewa kwa amri. Kipimo kinachoanza kusoma mwaka 1992 kitakuta nafasi tupu, na anayeisoma nafasi hiyo kama tabia ya Waafrika anawatendea dhuluma waliofungwa kwa ajili yake.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, Sweden, walitoa data inayoitwa V-Party, iliyokusanya maoni ya wataalamu kuhusu vyama vya zaidi ya nchi 160 kuanzia mwaka 1970. Afrika Mashariki imo. Ni hatua kubwa, ingawa ni dodoso, na maswali ya Budge yanalihusu vilevile. Upande wa maandishi, Berlin walitoa mwaka 2023 mfumo wa kompyuta waliouita manifestoberta, uliofunzwa kwa zaidi ya hoja milioni moja ambazo wasomaji wao walikuwa wamezitia namba kwa mkono. Umejengwa juu ya mfumo mwingine uliolishwa maandishi ya lugha zipatazo 100, Kiswahili kikiwemo. Lakini katika hoja zile zilizotiwa namba hakuna ilani ya Kiswahili. Mashine imekutana na lugha hii kwenye maandishi ya kila aina ya intaneti, haijafundishwa jinsi chama kinavyoahidi kwa Kiswahili. Ilani ya CCM ya mwaka 2020 peke yake ina kurasa 303. Kabla mashine haijaaminiwa nayo, lazima msomaji anayeijua lugha na nchi aikate hoja kwa hoja na kuitia namba, kisha msomaji wa pili aifanye kazi hiyohiyo bila kuona alichoandika wa kwanza.